Mpweke gani huyo na dada yake yupo pembeni?

Mhariri salamu, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Mi si msomi wa fasihi, nasoma mashairi vile wengine wanavyosikiliza muziki, yaani kujifurahisha tu, na siku hizi nimewang'ang'ania wale washairi wa kiromantiki wa Uingereza (si wa mapenzi, ni wale wa miaka ya mwanzo ya 1800 walioandika hisia na maumbile), wakina Wordsworth na wenzake, sasa nina ya kwangu moyoni nataka niyatoe.

Lile shairi la maua ya dafodili kila mtu analisifia, Wordsworth anasema alikuwa anatembea mpweke kama wingu, na kweli linateleza mdomoni. Ila kumbe siku yenyewe, tarehe 15 Aprili 1802, alikuwa na dada yake Dorothy! Tena Dorothy aliandika kwenye diari yake maua yalivyokuwa kando ya ziwa, mengine yamelaza vichwa kwenye mawe kama mtu aliyechoka kwenye mto wa kulalia, kwangu mimi picha hiyo inazishinda za kaka mtu. Halafu ile mistari miwili ya jicho la ndani, pale ubeti wa mwisho, Wordsworth mwenyewe alikiri ni ya mke wake Mary. Sasa jamani dada kaweka kumbukumbu, mke katoa mistari, we upweke umeutoa wapi? Nilicheka peke yangu, na shairi bado nalipenda.

Shairi la Coleridge la yule baharia mzee ni refu kweli kweli, lakini halichoshi. Baharia anamtungua albatrosi, ndege mkubwa wa baharini, kwa mshale na mpaka mwisho hatuambiwi kwa nini, hana njaa hana hasira, kaua tu basi. Hapo ndo aliponikamata, mtunzi mwingine angetubandikia sababu.

Keats sikucheka. Shairi la ndege anayeimba usiku nililisoma nikaona ni uzuri tu wa maneno, baadaye ndo nikajua mdogo wake Tom alikufa kwa kifua kikuu Desemba 1818, na Keats ndiye aliyekuwa anamuuguza, shairi likaja 1819. Kuna mstari wa kijana anayepauka na kukonda mpaka anakufa, rudi uusome ukijua hilo uone kama utaendelea na chai yako. Na yeye alishasomea tiba, ugonjwa anaujua, ukamchukua naye 1821 huko Roma akiwa na miaka 25.

Sasa Mhariri hili linakuhusu wewe. Shairi la Shelley, Ozymandias, lilitoka kwanza kwenye gazeti, The Examiner, Januari 1818! Mistari 14 tu, kona ya ukurasa haijai. Alikuwa anashindana na rafiki yake Horace Smith, mada moja, na la Smith nalo likachapwa gazeti hilohilo wiki chache baadaye. Smith anahangaika kutueleza kuwa hata London itakuja kuwa magofu, Shelley anakuachia sanamu iliyovunjika na mchanga, anaondoka zake. Ndo maana Smith leo hamna anayemkumbuka.

Byron ndo sijamuweza, naona anajipenda mno. Mashabiki wake nijibuni humuhumu gazetini, ila msinitumie lile shairi lake refu la Don Juan, maana lina sehemu 16 na hata hivyo alikufa 1824 hajalimaliza.

Msomaji wenu