Karatasi ya ushauri nasaha tusomewe kabla ya kusaini

Ndugu Mhariri,

Mume wangu alifia ziwani akivua dagaa. Miezi ikapita silali, hata hesabu ya magunia pale soko la dagaa la Mwaloni Kirumba ikawa inanipotea. Dada yangu akanishauri nimwone mtaalamu wa saikolojia hapa mjini, nikaenda. Siku ya kwanza nilipewa karatasi ya Kiingereza, nikaonyeshwa pa kusaini, nikasaini. Safari ya tatu nilimweleza jambo ambalo hata dada sijamwambia. Jumapili yake mama mkwe akaniuliza jambo lilelile. Nilipokwenda kuulizia, mtaalamu alifungua faili akaweka kidole kwenye mstari mmoja: nilikubali ndugu washirikishwe. Sikurudi tena.

Ninachoomba ni kwamba wataalamu waandikishane na mgonjwa kwa Kiswahili, na wamsomee. Tutaonana mara ngapi, kwa shilingi ngapi, nisipofika itakuwaje. Hayo mepesi, hata fundi cherehani hunieleza. Zito ni siri. Nani ataambiwa, wakati gani, na ataambiwa kiasi gani? Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na watu wanalijua hilo. Mtu aliyewahi kufikiria kujitupa ziwani atanyamaza ikiwa hajui mtaalamu akisikia atampigia nani: ndugu, daktari au polisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kusaini nisichokielewa, mimi siiti ridhaa.

Tena isiwe ile karatasi ya kumwapisha mgonjwa kwamba hatajiua. Hakuna ushahidi wa kuaminika kuwa inazuia kifo, na aliyeapa huona aibu kusema mawazo yamerudi. Afadhali wakae waandike pamoja: dalili zikianza afanye nini, usiku ampigie nani, sumu ya shambani ndani ya nyumba ataiondoa nani.

Najua wengi wetu tunaogopa karatasi, tumeumizwa na za mikopo na za viwanja. Ndiyo maana nakala moja ibaki kwa mgonjwa. Mimi sikupewa. Ningekuwa nayo, dada yangu anayejua Kiingereza angenisomea jioni ileile, na ule mstari ningeomba ufutwe.

Mjane, mfanyabiashara wa dagaa
Kirumba, Mwanza