Kocha wa ngumi alipwe kwa kufundisha, asisubiri mgawo wa pambano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kazi ya ukocha wa ngumi, hususan hapa Dodoma, ambako tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na hasa baada ya mji wetu kupandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 2018, vijana wameongezeka na sehemu za mazoezi zimeongezeka pamoja nao. Ukipita jioni Chang'ombe, Nkuhungu, Kizota au Maili Mbili utawakuta wanaruka kamba kwenye kiwanja cha vumbi au chini ya banda la mabati, na mbele yao amesimama mtu wanayemwita kocha. Ninachotaka kukisema kinamhusu mtu huyo: analipwa na nani, na analipwa kwa kazi gani. Kwa maoni yangu, maadamu riziki yake inatokana na mgawo wa pambano, yaani fungu analokatiwa kwenye malipo ya bondia wake, hatuwezi kumtegemea akilinde kichwa cha kijana aliye mikononi mwake, hata awe na moyo mwema kiasi gani.

Wengi tuliomo katika kazi hii tuliingia kwa njia moja. Mtu alipigana akiwa kijana, umri ukamtupa mkono, mwalimu wake akamwomba amsaidie kushika pedi za kupigia makonde, na siku mwalimu huyo alipohama au kufariki, yeye akabaki na funguo za banda. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kumhudumia mtu aliyezirai, wala kama anajua jinsi mafunzo ya mtoto wa miaka 12 yanavyotofautiana na ya mwanamume wa miaka 25. Katika karate, judo na taekwondo mzazi anaweza angalau kuuliza mwalimu ana mkanda wa daraja gani na nani alimtahini. Kwenye ngumi kinachoulizwa ni kama ulipata kuwa bondia, na ulimpiga nani. Sifa hiyo haitoshi, na wala si ya lazima. Eddie Futch wa Marekani, ambaye watu wa ngumi humhesabu miongoni mwa makocha bora waliopata kutokea, hakuwahi kupigana ngumi za kulipwa kwa sababu aligundulika kuwa na tatizo la moyo akiwa bado kijana wa ridhaa, lakini alikaa kwenye kona za Joe Frazier, Ken Norton na Larry Holmes, watu walioshika ubingwa wa dunia wa uzito wa juu.

Mafunzo ya ukocha yapo. Kimataifa kumekuwa na vyeti vya nyota moja, mbili na tatu, na hapa nchini Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, mkoani Mwanza, kinaandaa walimu wa michezo. Kikwazo kikubwa ni kwamba mtu anayeishi kwa kubahatisha hawezi kuacha familia, akalipa nauli na malazi, akakaa darasani mpaka kozi iishe. Tena elimu yenyewe haisimami mahali pamoja: mwaka 2023 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliiondolea utambuzi IBA, shirikisho la kimataifa la ngumi, na Februari 2025 ikaipa utambuzi wa muda World Boxing, shirikisho jipya lililoanzishwa mwaka huohuo wa 2023. Kocha aliyepata cheti zamani analazimika kufuatilia mabadiliko ya namna hiyo na kanuni zinazokuja nayo, na kufuatilia kunahitaji muda na fedha.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana anayeitazama kwenye televisheni huiona ile dakika moja ya kona peke yake. Kabla kijana hajavaa glovu namfunga bandeji, kuanzia kwenye kifundo cha mkono, kuzunguka kidole gumba, kupita kati ya vidole, mpaka juu ya vifundo vya ngumi, kisha namwambia akunje mkono niangalie kucha zake. Zikibaki nyeupe nimekaza mno, nafungua tunaanza upya. Wakati huo wa kufunga ndipo ninapozungumza naye: amekula nini, amelala saa ngapi, je, kichwa kinamuuma? Kijana ambaye juzi alikuwa ananitazama usoni na leo anakunja uso kwa mwanga wa mlangoni hapandi ulingoni siku hiyo, hata akiapa kwamba ni mzima. Begi la kupiga lililojazwa mchanga nalo ni adui, kwa sababu mchanga hushuka na kujishindilia chini mpaka linakuwa gumu kama ukuta, na anayeumia ni yule mdogo asiyejua bado kunyoosha kifundo cha mkono. Vitambaa chakavu kutoka kwa mafundi cherehani vinafaa zaidi na havigharimu kitu. Mambo haya hayana shangwe, na hakuna promota anayeyalipia, ingawa ndiyo yanayochukua sehemu kubwa ya jioni ya kocha.

Liko pia suala la kofia za kujikinga, ambalo wazazi hulielewa vibaya. Mzazi akimwona mwanawe amevaa kofia nene hutulia, akidhani ubongo umekingwa. Kofia hupunguza kuchanika na uvimbe wa usoni, na mimi sikubali mtu afanye mazoezi ya kupigana bila kuivaa, tena na glovu za wakia 16; lakini haiwezi kuuzuia ubongo kutikisika ndani ya fuvu, na wanaume wa ngumi za ridhaa wa ngazi ya juu waliacha kuivaa mashindanoni tangu mwaka 2013. Ulinzi wa kweli uko katika idadi ya makonde ambayo kijana anapokea kichwani kwa wiki na kwa mwezi, na idadi hiyo anaipanga kocha. Ndiyo maana kanuni za ngumi za ridhaa zimekuwa zikimtaka bondia aliyepigwa KO, yaani kuangushwa asiweze kuendelea, kwa makonde ya kichwani akae nje angalau siku 30, bila mashindano wala mazoezi ya kupigana. KO ya pili ndani ya miezi mitatu inamweka nje siku 90, na ya tatu ndani ya miezi 12 inamweka nje mwaka mzima.

Sasa tuitazame kanuni hiyo kwa macho ya mtu anayeishi kwa mgawo. Katika nchi nyingi desturi ya ngumi za kulipwa ni kwamba kocha huchukua kama asilimia 10 ya malipo ya bondia wake, na kwa bondia mchanga asilimia 10 ni fedha ya siku chache za mboga. Kijana akikaa nje siku 30, kocha naye amekaa siku 30 bila kipato. Akisimamisha pambano katika raundi ya pili, promota atakumbuka, na safari ijayo simu itapigwa kwa kocha mwingine asiyesimamisha. Kwa hiyo mtu tunayemtaka aamue kama kijana apigane au asipigane ndiye huyohuyo anayekosa hela ya kodi asipopigana.

Nimeyaona haya kwa karibu. Mwezi Oktoba mmoja, wakati joto la hapa limepamba moto na mvua bado hazijakaribia, promota wa mkoa wa jirani alihitaji bondia wa kujaza ratiba ya Jumamosi, uzito wa kilo 60, na simu ilikuja Alhamisi. Kijana aliyemtaka alikuwa akifanya mazoezi kwetu, alikuwa na kilo 64, na mwezi uliotangulia alikuwa amepigwa KO. Nilikataa. Jioni ileile akaenda kwa mtu mwingine, akavalishwa koti la nailoni, akakimbizwa kwenye jua la mchana na kunyimwa maji mpaka mizani ikakubali, akapanda ulingoni akiwa amekauka, akasimama raundi tatu. Wiki iliyofuata mama yake alinifuata bandani. Hakuja kugomba. Alisema, "Mwalimu, mwanangu anafunga madirisha mchana, anasema jua linamchoma ndani ya kichwa. Nimpe dawa gani?" Nilimwambia ampeleke hospitali siku ileile, na nikaandamana naye. Kijana yu hai, anafanya kibarua, lakini ngumi ameacha na maumivu ya kichwa hayajamwacha. Aliyempeleka kwenye pambano lile simwiti mtu mbaya. Alikuwa na watoto wa kulisha, na kazi yake ilikuwa imepangwa hivyo kwamba chakula chao kipatikane pale tu kijana wa mwenzake anapopanda ulingoni.

Nimetaja kusimamisha pambano, na napenda wasomaji wajue uzito wake. Tarehe 1 Oktoba 1975, mjini Manila, Frazier alikuwa akipigana na Muhammad Ali, na baada ya raundi ya 14 macho yake yalikuwa yamevimba kiasi kwamba makonde ya mkono wa kulia wa Ali hakuyaona tena. Ilibaki raundi moja. Futch alilisimamisha pambano, ingawa Frazier mwenyewe alitaka kuendelea na ubingwa wa dunia ulikuwa mezani. Ninawasimulia vijana wangu habari hiyo mara nyingi. Uamuzi wa namna ile unahitaji jicho lililofundishwa, lakini pia unahitaji mtu ambaye hataulizwa nyumbani kwa nini amerudi mikono mitupu, na makocha wengi wa mitaani kwetu hawajawahi kuwa na nafasi hiyo.

Wapo makocha nchini mwetu walio nayo. Timu za majeshi yetu, yaani JWTZ, JKT, Polisi na Magereza, zimekuwa mhimili wa ngumi za ridhaa kwa muda mrefu, na mojawapo ya sababu, ninavyoamini, ni kwamba kocha aliyeajiriwa huko hupokea mshahara mwisho wa mwezi, bondia wake apigane au apumzike. Anaweza kumwambia kijana aliyeumia kaa nje miezi mitatu, na miezi mitatu ikapita kweli. Medali zetu za ngumi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, kuanzia fedha ya Titus Simba mjini Edinburgh mwaka 1970, dhahabu ya Michael Yombayomba mjini Kuala Lumpur mwaka 1998, hadi shaba za Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike mjini Birmingham mwaka 2022, zote ni za ngumi za ridhaa, mchezo unaojengwa kwa miaka ya mafunzo bila hela ya mlangoni.

Hatuwezi kuwaajiri makocha wote wa mitaa jeshini, lakini tunaweza kuwatengenezea kipato kinachotokana na kufundisha. Wazazi wa Dodoma wanalipa tuisheni ya hesabu na Kiingereza bila kulalamika. Shilingi 10,000 kwa mwezi kwa mtoto anayefundishwa ngumi kwa utaratibu si fedha nyingi, na watoto 30 wanampa kocha shilingi 300,000 zinazojulikana, huku wale wasio na uwezo wakisamehewa kimyakimya bila kuaibishwa. Anayelipa ada anapata pia haki ya kuuliza, na ningependa sana wazazi waulize: cheti chako kiko wapi, huduma ya kwanza ulijifunza wapi, nani anakaa na binti yangu wakati wa mazoezi? Swali hilo la mwisho lina haki ya kuulizwa kwa sauti, kwa kuwa wasichana wanaokuja ni wengi kuliko zamani, na makocha wanawake bado ni wachache mno.

Kwa Jiji la Dodoma nina ombi moja. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 yake ni ya vijana, inaweza kununua glovu na mabegi, lakini deni la vifaa litamsukuma kocha huyohuyo kutafuta mapambano ya haraka ili arejeshe. Bora ofisi ya michezo ilete mkufunzi wa Shirikisho la Ngumi Tanzania hapa jijini mara moja kwa mwaka, kozi ifanyike jioni ili watu wasiache vibarua, na madaktari wa Chuo Kikuu cha Dodoma waombwe kufundisha kipindi cha majeraha ya kichwa. Nayo Kamisheni ya Kusimamia Ngumi za Kulipwa Tanzania ifikirie kumtaka promota ailipe kona, yaani kocha na wasaidizi wake, kiasi maalumu, kisichopungua pale daktari au kocha mwenyewe anapolizuia pambano. Promota anayemudu muziki, mkanda na mabango atakimudu na hicho.

Wakati hayo yanasubiriwa, kuna jambo lisilohitaji kikao. Kila jimu iwe na kaunta buku moja ya kuandika jina la kijana, umri, uzito wa kila wiki, tarehe aliyopigana, tarehe aliyoangushwa na tarehe anayoruhusiwa kurudi, na kijana akihama banda nakala ya ukurasa wake imfuate, ili asiweze kupigwa KO Kizota akapanda ulingoni Nkuhungu baada ya siku kumi. La kwangu nimekwisha kulianza, na kocha yeyote anayetaka kuona nilivyolipanga anakaribishwa bandani kwetu jioni yoyote isipokuwa Jumapili.

Wako katika michezo,
Mkufunzi wa ngumi za ridhaa,
Chang'ombe, Dodoma.