Risala ya Klabu ya Ndege kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Picha

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Elimu Sekondari wa Wilaya,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni, na karibuni sana.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Kwa niaba ya wanachama 23 wa Klabu ya Ndege ya shule yetu, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko. Barabara ya kutoka Muheza kupanda huku milimani tunaijua ilivyo baada ya mvua, na tope la kwenye gari lako tumeliona. Picha 40 zilizotundikwa ukutani tumezichagua kati ya nyingi mno. Tulizozifuta, sehemu kubwa zilikuwa za matawi matupu ambayo ndege alikuwa ametoka kuruka sasa hivi.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Klabu ilianza na wanafunzi wanne na darubini moja, ambayo jicho lake la kushoto lina ukungu mpaka leo. Siku ya kwanza Mwalimu wa Baiolojia alitupeleka kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani akatupa kazi tuliyoiona ya kitoto: kukaa chini nusu saa bila kusema neno. Dakika kumi za mwanzo msitu ulikuwa kimya kama umehamwa. Kisha kigong'ota akaanza kugonga upande wa bondeni, na mara kundi la ndege wa kila aina likatupitia vichwani, wengine wakipekua magome, wengine majani, wengine wakidaka wadudu waliokurupushwa na wenzao. Aliyekuwa wa kwanza kuwaona wote ni mwenzetu mmoja ambaye kijijini kwao alisifika kwa manati. Hadi sasa hatujapata jicho la kulishinda lake, na manati yake imo kwenye kabati la maabara. Alimkabidhi Mwalimu mwenyewe, hakulazimishwa.

Watu wengi hudhani ndege wa kutazamwa wako Manyara na Serengeti. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na baadhi ya wale ambao wageni hutoka Ulaya kuwafuata wanaishi jirani na mabweni yetu. Chozi wa Amani ni mmoja wao. Yuko hapa Usambara Mashariki, yuko Udzungwa, na yuko msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kenya. Hupenda vilele vya miti, kwa hiyo anayemtafuta hurudi nyumbani akijikanda shingo. Yupo pia ndege mshonaji wa mdomo mrefu, kidege cha kijivu kinachojificha kwenye mimea itambaayo. Ukiacha milima hii, utamkuta kaskazini mwa Msumbiji tu. Tunayo picha yake moja, nayo imetoka mkia peke yake. Tumeitundika hivyo hivyo.

Kazi hii si ngeni hapa. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, na baadaye, wakati wa Waingereza, Reginald Moreau na mkewe Winifred waliishi hapo wakichunguza ndege. Jina la Winifred amepewa ndege mmoja wa milima ya Uluguru. Bwana Moreau alikuwa na msaidizi wake, Salimu Asmani, aliyewatafuta na kuwakusanya ndege msituni. Tulipomsoma habari zake tuliipa darubini yetu jina la Salimu, pamoja na lile jicho lake bovu.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Picha namba 12, ile kubwa ya katikati, tunaomba tuieleze. Kwa wiki tatu tulikuwa tukimfuatilia hondohondo dume. Huyu unamsikia kabla hujamwona, maana mabawa yake yana mvumo kama wa mtu anayekung'uta mkeka. Kila asubuhi alitua kwenye shina lile lile, akainamisha kichwa, akawa kama anadonoa gome. Kwenye daftari tukaandika kwamba anakula wadudu. Siku mmoja wetu alipoikuza picha kwenye kompyuta ya maabara, tuliona kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona kwa macho: ufa mwembamba kwenye gome, na ndani yake ncha ya mdomo wa pili. Mama alikuwa mle ndani! Hondohondo jike hujifungia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo ambao dume ndiye anauleta, ukaachwa mwanya tu. Hukaa humo zaidi ya miezi mitatu akiatamia na kulea. Baba hubeba matunda kooni, akifika anayatapika moja moja na kuyapitisha kwenye ule ufa. Tulirudi kesho yake tukahesabu matunda 19 katika safari moja, na hapo tukafuta neno wadudu kwenye daftari.

Hiyo ndiyo raha yenyewe. Kuwa na kamera kunatufanya tuondoke na kitu, lakini mara nyingi inatuumbua pia, kwamba tulitazama wiki tatu na hatukuona. Nayo si kazi rahisi. Chini ya miti mikubwa mwanga ni haba. Ukipunguza kasi ya shata, yaani kile kipazia cha kamera kinachofunguka na kufunga, ndege anatoka kama moshi. Ukiiongeza, picha inakuwa giza, na ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuupokea mwanga, inajaa chengachenga. Shorobe ametusumbua mwaka mzima. Akitulia ni kijani juu ya majani ya kijani, akiruka ndipo wekundu wa mabawa unawaka, na hapo kidole kimeshachelewa.

Tumekosea pia, na hatutaki kuficha. Mwanachama wetu mmoja alikata kitawi kilichoziba kiota cha chozi ili picha itoke safi. Ilitoka safi kweli. Kesho yake kiota kilikuwa kitupu, kwani kitawi kile ndicho kilichokuwa pazia lao. Picha hiyo haimo humu ukumbini, na tangu siku hiyo hatusogei kwenye kiota wala hatutumii flashi.

Kuhusu picha ya bundi iliyo karibu na mlango, wazazi wetu wametuuliza maswali. Bibi mmoja alimkataza mjukuu wake asiingie nayo ndani. Tunawaheshimu, ila huyu tulimkuta mchana amesinzia juu ya mwembe wa nyumba ya mwalimu, na waliopungua pale ni panya.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Changamoto zetu ni za kawaida: darubini moja kwa watu 23, kamera ya mtumba ambayo lenzi yake inaishia milimita 300, na nauli ya kufika hifadhini. Tukipata darubini tano tutashukuru sana. Lakini ombi letu kubwa leo halihitaji fedha nyingi.

Nyuma ya bweni la wasichana kuna mkuyu uliotiwa alama nyekundu. Msingi wa darasa jipya umepangwa kupita hapo. Darasa tunalihitaji, sisi tunaokaa watatu dawati moja hatuwezi kulipinga. Ila ukiiva mkuyu huo, asubuhi moja tulihesabu aina 11 za ndege wakila juu yake, na yule baba wa picha namba 12 ni mteja wake wa kila siku. (Hata yeye ana lawama yake, hueneza msituni mbegu za Maesopsis, mti mgeni unaowaumiza vichwa watu wa misitu. Lakini kula kuyu tunamruhusu.) Fundi ametuambia kwamba msingi ukisogezwa mita sita kuelekea uwanjani, mti utabaki. Tumechora ramani na kumkabidhi Mkuu wa Shule, naye ametuelekeza tukueleze wewe.

Tumesikia unalala hapa leo. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi tutakuwa chini ya mkuyu huo. Salimu tumekutengea wewe, tumia jicho la kulia.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
Klabu ya Ndege