Barua kwa mpwa wangu aliyepewa kazi ya kuandika wasifu wa mama yake

Mpwa wangu,

Pole tena. Nimesikia wasifu wa mama yako umeachiwa wewe, na naijua sentensi iliyokujia kwanza: "Marehemu alikuwa mchapakazi, mpenda familia na mfanyabiashara mwaminifu." Ifute. Si uongo, ila husomwa kwa kila marehemu aliyewahi kufungua mlango wa biashara, na watu huisikia huku wanaangalia saa. Mama yako alikuwa fundi cherehani. Kazi hiyo huacha alama za kushikika kwa mkono, na mtu akijua kuzisoma, wasifu hauna taabu.

Anza na daftari la vipimo. Daftari la fundi halisomwi kama la muuza duka. Kila mteja ana safu yake: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, urefu wa nguo. Pembeni kuna tarehe ya kuchukua, kilicholipwa na kilichobaki. Tafuta kurasa zenu ninyi watoto. Utakuta urefu wa gauni umeandikwa, ukakatwa kwa mstari mmoja, ukaandikwa mwingine chini yake, kisha mwingine tena. Hizo tarakimu zikipangwa kwa miaka ndizo kimo chenu, kilichochukuliwa na mtu aliyepiga magoti na futi mkononi. Nakili chache kama zilivyo, bila kuzipamba.

Kisha toa nguo zenu za zamani zilizobaki, uangalie pindo. Nguo ya mtu mzima hutosha pindo la sentimeta 4. Fundi anayemshonea mtoto atakayerefuka huacha 8 hadi 10: hukunja ukingo sentimeta 1, halafu pindo zima, na hulishona kwa mkono kwa uzi mmoja ili siku ya kulishusha kitambaa kisibaki na matundu. Kila likishushwa, pale palipokuwa pamekunjwa hubaki mstari uliochakaa, na chini yake rangi imekoza kwa sababu haikuona jua wala haikusuguliwa kwenye maji. Hesabu mistari hiyo. Ikiwa miwili, gauni hilo lilishushwa mara mbili. Andika hilo badala ya "aliwapenda sana wanawe", na mtu wa nyuma kabisa ataelewa.

Katika daftari hilohilo utakuta safu zisizo na malipo. Hapo nenda polepole, maana ziko za aina mbili na ni rahisi kuzichanganya. Ile yenye kiasi kilichobaki bila alama ya kumalizwa ni deni. Ile ambayo sehemu ya fedha iliachwa tupu tangu mwanzo, na nguo imetiwa alama kuwa imechukuliwa, huenda ni kazi ya bure. Huenda, nasema: muulize aliyekaa naye dukani kabla hujaiandika. Wadaiwa usiwataje kamwe. Na daftari lenyewe lisiwekwe mezani pamoja na picha yake watu walifunue. Vipimo vya miili ya watu ni siri ya fundi, na mama yako hakuwahi kumsomea mteja kiuno cha mwenzake.

Sasa huo uchapakazi. Neno peke yake ni tupu, lakini hesabu inasema. Shati lenye kola, tangu kukatwa hadi kifungo cha mwisho, humchukua fundi mmoja mzoefu kama saa 4. Kola na lisani, kile kipande cha kifuani penye vifungo, ndivyo vinavyokula muda. Chukua wiki moja kabla ya sikukuu, hesabu oda zilizoahidiwa. Zikiwa za mashati 20, hizo ni saa 80. Siku 6 za saa 10 ni saa 60. Saa 20 zilizopungua zilitoka usiku, na ninyi mnajua taa ya chumba gani ilikuwa haizimwi. Hesabu hiyo ina upande wake wa pili, usiufiche: ndiyo sababu nguo zake zilichelewa. Alikuwa mgumu wa kumwambia mtu hapana. Wateja watakaokuwepo msibani walisubiri nguo zao mlangoni, na wakisikia ameitwa fundi asiyechelewa kamwe watatazamana, na kila kitakachofuata hawatakiamini. Sema alichelewa, sema na kwa nini.

Wanagenzi wake nao uwahoji, ila usiwaulize "mama alikuwa mtu wa namna gani". Watakupa sifa. Waulize: "Alikufumulisha nini?" Fundi hujulikana kwa mshono asiokubali upite. Mmoja atakwambia ni mkono wa shati uliowekwa kinyume, wa kushoto kulia, ukawa unavuta kwapani. Mwingine atakutajia mshono uliokunjamana kwa sababu uzi wa juu ulikazwa kupita kiasi. Mwingine, kitambaa cha pamba kilichokatwa bila kuloweshwa kwanza: kinaweza kusinyaa sentimeta 3 hata 5 kwa kila mita, na suruali iliyotoka dukani ikimfika mwenyewe kwenye kisigino ikarudi inaonyesha soksi. Uliza pia nani alilipia kitambaa hicho. Jibu la swali hilo lina uaminifu wote unaoutafuta.

Cherehani iguse mwishomwisho, lakini iguse. Fungua droo. Kama sindano zimetengwa, nyembamba za namba 75 za vitambaa laini, 90 za kawaida, 100 za jinzi na turubai, basi huyo hakuwa fundi wa kubahatisha. Wengi hushonea sindano moja kila kitu hadi inakatika. Angalia kama kuna kipande cha kitambaa chenye mistari mifupi ya mishono isiyo na maana. Kina maana. Ni kitambaa cha kujaribia. Uzi wa juu ukilegea, vitanzi huonekana upande wa chini. Ukikazwa mno, uzi wa bobini, yaani ule wa chini, huvutwa ukachungulia juu. Mistari hiyo ni mama yako akitafuta katikati kabla hajaigusa nguo ya mtu. Kwenye wasifu inakutosha sentensi moja.

Upande wa uandishi sina mengi. Maneno 600 yakisomwa kwa utulivu ni kama dakika 6, na dakika 6 zinatosha. Tarehe ya kuzaliwa, ya ndoa na ya kufungua biashara zithibitishe kwenye karatasi. Kumbukumbu za wazee hupishana, na ubishi wa mwaka mmoja unaweza kuzuka mbele ya watu. Majina ya watoto na wajukuu mpe mtu mwingine ayakague, maana jina lililorukwa halisahauliki. Isome kwa sauti mara mbili ukiwa peke yako. Utakapokwama koo, tia alama, na mpe nakala ndugu atakayesimama karibu, aendelee kuanzia hapo.

Jambo moja haliandikwi lakini linamhusu kuliko yote: kazi za watu zilizobaki. Zigawe mafungu matatu: zilizokwisha, zilizokatwa, na vitambaa ambavyo havijaguswa. Zilizokatwa ndizo za hatari. Vipande vya nguo moja vifungeni pamoja, na mabaki yake ndani, maana fundi mwingine atahitaji kiraka au ukanda wa mshazari wa shingo. Msizipige pasi, baadhi ya chaki zina nta, na joto huifanya alama igande kabisa. Mikono miwili ya nguo hufanana, ila mbele ya kila mmoja ina alama yake ya chaki au mkato mdogo ukingoni, hivyo asije mtu akaikung'uta ili iwe safi. Andika jina kwenye karatasi na uibane kwa pini kwenye ukingo wa mshono, si katikati ya kitambaa. Aliyelipa yote achukue chake bila maneno. Aliyetanguliza fedha kwa kazi ambayo haijaanzwa arudishiwe. Hayo yafanywe ndani ya wiki mbili baada ya mazishi, kabla mtu hajalazimika kuja kuuliza kwa aibu.

Na kuna ile nguo iliyobaki chini ya cherehani yenyewe. Nimeambiwa hakuna aliyeithubutu. Usiivute, maana utapinda sindano na kukwaruza bamba la chuma lililo chini yake. Inua mguu wa kushikia nguo kwa ule wenzo wa nyuma. Zungusha gurudumu kwa mkono, kuelekea kwako, hadi sindano ifike juu kabisa. Telezesha nguo nyuma, upande wa kushoto, iache nyuzi mbili zitoke zenyewe, kisha zikate ukiacha sentimeta 10 kila upande. Nyuzi hizo zifunge fundo upande wa ndani ili mshono usianze kufumuka. Fundi atakayeimalizia atakapofika mahali hapo, aanzie sentimeta 1 nyuma yake, juu ya mishono ya mama yako.

Mjomba wako