Kabla Hujairudisha Ile Fomu

Malaba, Uganda, Jumanne usiku

Mwanangu Athieno,

Natumai u mzima na kile kikohozi kimekuacha. Sisi hatujambo. Mdogo wako ameng'oka jino la mbele na sasa hawezi kusema "sukari" bila kumrushia mtu mate.

Ujumbe wako ulinifikia Jumapili kutoka kwa simu ya matroni: "Mama tumepewa fomu ya masomo ya kidato cha tatu. Naweka ICT na sanaa. Kiswahili naacha, hiyo najua. Nitumie sukari." Sukari hii hapa. Fomu ndiyo iliyoninyima usingizi, na siwezi kuyazungumza haya kwa simu ya matroni huku wenzako wamepanga foleni nyuma yako. Barua ataileta yule dereva wetu wa Juba, yule anayependa chapati za kuungua. Akifika Mbale atasimama getini dakika tano, si zaidi, kwa hiyo ukiitwa usije ukianza kutafuta kandambili.

Kwanza tuihesabu fomu yenyewe, maana nilimuuliza mwalimu wako siku ile ya kuwatembelea. Sasa hivi una masomo 12: 11 ya lazima na moja la kuchagua. Ukiingia kidato cha tatu, ya lazima yanabaki saba: Hisabati, Kiingereza, Baiolojia, Kemia, Fizikia, Jiografia, na Historia pamoja na Elimu ya Siasa. Juu yake unaongeza moja au mawili. Hayapungui manane, hayazidi tisa. Kiswahili ulichokuwa ukilazimishwa, na dini, na ujasiriamali, na michezo, vyote vinahamia kapu moja na ICT (yaani kompyuta), Sanaa, Kilimo, Fasihi, Kifaransa na wenzao. Wewe una mikono miwili tu ya kuchota humo.

Mwaka 1997 nami nilipewa karatasi kama hiyo. Enzi zetu katika shule yangu mtu aliruhusiwa kuiacha Fizikia. Mwalimu wake alikuwa na fimbo ya mpera aliyoiita "kamusi", na rafiki yangu niliyekuwa nalala naye kitanda cha juu na chini akaniambia, "Tuiache, tutapumua." Nikaiacha. Kweli, tulipumua. Vipindi vya Fizikia tulikaa chini ya mwembe tukisukana nywele.

Nilipomaliza kidato cha nne nikaenda kuomba nafasi ya kusomea uuguzi. Yule karani dirishani alikiweka kidole chake juu ya matokeo yangu, akakiteremsha polepole, somo baada ya somo, mpaka kikafika chini na kusimama. Akaniuliza, "Fizikia iko wapi?" Sikuulizwa kingine. Baiolojia nilikuwa nimeifaulu vizuri kuliko wasichana wote wa darasa letu, lakini hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Hata leo, anayeomba cheti cha uuguzi huulizwa Kiingereza, Hisabati, Baiolojia, Kemia na Fizikia. Ndiyo maana mama yako anapima majani ya chai kwenye birika za madereva badala ya kupima dawa. Siilalamikii hii hoteli yetu ya chai, ndiyo inayokulipia karo. Ila ile fomu niliijaza kwa muda wa kumenya chungwa, tena nikiutazama uso wa rafiki yangu, na yeye mwenyewe aliolewa hata kabla ya mtihani.

Wewe Fizikia huwezi kuiacha kwenye karatasi. Serikali ilishafunga mlango huo tangu katikati ya miaka ya 2000. Lakini ripoti yako ya muhula uliopita ninayo hapa, mwalimu ameandika "Anaweza, hajaribu." Somo waweza kulitupa ukiwa umeketi humo humo darasani, daftari likiwa wazi. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko Kiswahili.

Na usijidanganye kuwa utakuja kukurupuka mwisho wa kidato cha nne. Sisi tulikuwa tukilala miaka mitatu, kisha tunakesha mwaka mmoja na miguu ndani ya beseni la maji baridi. Mtaala wenu huu ulioanza mwaka 2020 hautaki hivyo. Mtihani wa UNEB, lile Baraza la Mitihani la Uganda, una asilimia 80; zile 20 nyingine ni kazi za darasani ambazo walimu wanaziandika na kuzituma kabla hujaingia chumba cha mtihani. Asiye na alama hizo, au asiye na mradi, hapewi cheti hata akiandika mtihani kama profesa. Binamu yako alikuwa katika kundi la kwanza, lile la mwaka 2024. Matokeo yalipotoka mjomba alishinda akiuliza, "Agregeti ngapi? Divisheni gani?" Hakuna agregeti tena, ile ya kujumlisha alama, hakuna divisheni, ni A mpaka E kwa kila somo. Mjomba bado hajaamini. Anadhani kijana anamficha.

Cheti chenyewe hakiombi mengi: ukishatimiza hayo ya kazi na mradi, ukapata angalau D katika somo moja, unapewa. Nakuambia ili ujue, si ili ustarehe. Chuo kikuu kwa shahada kinataka ufaulu wa masomo matano hapo kidato cha nne na mawili makuu kidato cha sita. Cheti cha D moja utakitundika ukutani, basi.

Nikikumbuka mradi nacheka. Ile sabuni ya maji uliyoileta likizo, dumu zima la lita tano, niliioshea vikombe. Inatoa povu zuri, na harufu ya limau haizidi. Lakini nilikuuliza ulichanganya nini kwa kiasi gani, ukasema, "Mwalimu alimwaga." Nilikuuliza ulimuuzia nani, ukasema, "Wewe." Mwanangu, ukifika kidato cha tatu hawatakupa alama za povu. Watataka uandike tatizo uliloliona, ulivyopanga, ulichokosea na ulivyokirekebisha. Nunua daftari dogo, liwe la mradi peke yake. Nasikia kuna wazazi wanaonunua vikapu sokoni na kuwapa watoto wapeleke shuleni kama mradi wao. Mimi hela hiyo sina, na ningekuwa nayo ningenunua kuku.

Sasa Kiswahili chako unachokijua. Nina barua yako ya Machi hapa: "Vitabu yangu imepotea na hiyo wasichana ndio walichukua." Sentensi moja, makosa manne, na babu yako angekuwa hai angekurudishia barua. Yeye alikitoa Kiswahili relini, akifanya kazi na watu wa Mombasa na Tabora kabla Shirika la Reli la Afrika Mashariki halijavunjika mwaka 1977, na hapa nyumbani alikuwa hakupi chai ukiharibu ngeli. Cha mdomoni unacho, sikatai. Umekulia kati ya meza za madereva. Cha mtihani kina ufahamu, insha, sarufi na fasihi, na hicho huokoti mezani.

Najua pia wenzako wanakucheka. Uganda yetu bado ina watu wakisikia Kiswahili wanamfikiria askari wa kizuizi cha barabarani au mwizi wa Kampala, wanashika mkoba. Wacha washike. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kikawekwa kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni, ingawa fomu yenu bado inakiweka kapuni. Na shule zinahangaika kupata walimu wake. Mtu aliyezaliwa nacho, akakisoma sawasawa, ana kitu ambacho wenzake wa Masaka na Mbarara watakitafuta kwa jasho. Kukiacha kwa sababu "unakijua" ni kama mvuvi kuacha wavu kwa sababu anajua kuogelea.

ICT siipingi. Ila nilichungulia kile chumba cha kompyuta: nilihesabu sita, nne zimefunikwa kitambaa cha maua kama kochi la sebuleni. Waulize waliotangulia, si mwalimu mkuu: kwa wiki wanazigusa mara ngapi? Somo linaweza kuwa zuri kwenye fomu na halina mwalimu darasani. Sanaa hali kadhalika, pamoja na gharama ya rangi na karatasi. Gharama niachie mimi. Mkono wako katika kuchora naujua, ile picha ya lori lililopinduka Bugiri bado iko juu ya friji na wateja wanaiuliza.

Angalia na mbele kidogo. Kidato cha tano utachagua matatu makuu, kisha General Paper, lile somo la maarifa ya jumla, ni ya wote, na Hisabati ndogo au ICT ndogo juu yake. Uchumi unaanzia huko huko, kwa hiyo huo usikusumbue sasa. Lakini hutaamka kidato cha tano ukasema unataka Sanaa au Fasihi ambayo hukuigusa. Mwaka jana ulitaka udaktari, mwaka huu wakili, Krismasi ulikuwa rubani. Si vibaya, una miaka 15. Yale saba ya lazima ndiyo yanayokuwekea milango ya udaktari na uhandisi wazi. Mawili ya kuchagua yawe ya kile ambacho hakuna mtu wa kukulazimisha.

Kama ni mimi ningeandika Kiswahili na Sanaa. Lakini fomu ni yako, na sitaki uje uniambie miaka 20 baadaye kuwa ulimwangalia mama usoni ukaandika. Ukiweka ICT kwa sababu umeuliza na umeridhika, nitatia sahihi.

Ndani ya kaveera, huu mfuko wa plastiki, kuna sukari kilo mbili, pedi, sabuni (ya dukani, yako imeisha) na shilingi 20,000 ndani ya soksi ya kijani. Dereva anarudi Jumatatu kutoka Juba, Mungu akipenda. Mpe fomu na barua ya kunieleza umechagua nini na kwa nini. Iandike kwa Kiswahili. Kalamu nyekundu ninayo.

Mama yako