Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Ilagala

Ndugu wanachama, wazee wetu na vijana, nawasalimu.

Mapato na matumizi atawasomea mhazini. Mimi nitazungumzia magugumaji, kwa sababu ndiyo yaliyotugombanisha mwaka mzima hapa mdomoni mwa mto Malagarasi.

Kila kikao mliuliza: kwa nini tulipokea mbawakawa wa aina mbili wa kupunguza magugu haya, na chakula chao ni mmea mmoja? Si watamalizana wenyewe? Swali hilo lilikuwa la haki. Kugombania wanagombania kweli: mabuu ya aina zote mbili hutoboa kikonyo cha jani na kushuka hadi kitovu cha mmea, na kitovu kimoja hakiwatoshi wengi. Ila uwezo wao haulingani. Neochetina bruchi, yule mwenye mkanda mpana wa rangi ya majani makavu mgongoni, huzaana haraka palipo na magugu yaliyonona, kama pale maji ya mashambani yanapoingia mtoni. Neochetina eichhorniae huvumilia hata mmea uliokonda. Anapokwama mmoja, mwenzake anasonga mbele. Ziwa Victoria waliachiwa wote wawili miaka ya 1990 na magugu yakapungua sana, ingawa hali ya El Niño ya 1997/98 nayo ilichangia.

Kosa kubwa la mwaka huu ni langu. Mwezi wa tatu niliagiza ghuba nzima isafishwe kwa mikono. Mlifanya kazi kwa moyo, na lundo likapanda ufukweni. Siku chache baadaye nilipasua kikonyo kimoja kwa kisu: buu jeupe, limekauka kama punje ya mchele. Kwenye mizizi, vile vifuko wanamojifungia kabla ya kuwa mbawakawa navyo vilikuwa vikavu. Magugu yakarudi, na wadudu wa kuyala tulikuwa tumewaua wenyewe. Nawaomba radhi, hasa akina mama wa dagaa mliokosa pa kupitisha mitumbwi.

Tangu hapo tunang'oa njia ya mitumbwi tu, kwingine tunawaachia wadudu. Majani ya upande wa mto sasa yamejaa makovu madogo ya mviringo yanayoachwa na mbawakawa wanapokula, na vikonyo vinaoza.

Naomba mtu yeyote asipige dawa ghubani wala kuleta mdudu mwingine bila wataalamu kumpima. Zamu za kuhesabu makovu zinaanza Jumatatu. Majina yaandikishwe kwa katibu kabla hatujaondoka hapa.