Kitabu cha mwezi ujao, pigeni kura

Wadau mambo vp, tumebaki na viwili tu. Cha kwanza How Europe Underdeveloped Africa cha Walter Rodney, 1972, jamaa alikuwa anafundisha hapo hapo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, ye anasema umaskini wetu ulitengenezwa, yaani pamba na katani zinatoka huku bei wanapanga Wazungu. Kingine Poor Economics cha Banerjee na Duflo, 2011, hao wamewafuata maskini wenyewe, kuna baba mmoja huko Moroko msosi haumtoshi ila TV anayo, soma uone alivyojibu 😂 Mi niko na Rodney ila kopi yangu iliyochanika jalada kuna mtu humu kakaa nayo tangu Ramadhani, kaka rudisha basi. Kura mwisho Ijumaa, andika R au B.